Virutubisho vya Hamira kwa Kinga ya Mwili: Namna ya Kuchagua, Kupima na Kutumia

Ukiingia duka la dawa ukaulizia vidonge vya hamira vya kusaidia kinga, unaweza kutoka na kopo lenye kimoja kati ya vitu vitano tofauti. Vyote chanzo chake ni Saccharomyces cerevisiae, hamira ile ile inayoumua maandazi, au ndugu yake wa karibu. Lakini kimoja ni ukuta wa seli uliosafishwa, kingine ni dondoo ya ndani ya seli, kingine ni hamira nzima iliyokufa, kingine ni hamira hai, na cha tano ni mchanganyiko mzima wa uchachushaji uliokaushwa. Kipimo cha kimoja hakifai kwa kingine. Zaidi ya hapo, mtu anayeweza kutumia kimoja bila shida anaweza kulazwa kwa sababu ya kingine. Kwa hiyo kabla ya kufikiria umeze ngapi, hakikisha unajua umeshika nini.

Vitu vitano, jina moja

Beta-glukani ndiyo inayohusika zaidi na habari za kinga. Seli ya hamira imezungushiwa ukuta mgumu. Nje kuna mannani iliyoshikana na protini, na chini yake kuna beta-glukani, mnyororo mrefu wa sukari ambao viungo vyake wakemia huviandika 1,3 na 1,6. Mwili wa binadamu hautengenezi kitu cha namna hiyo, ndiyo maana seli nyeupe za damu zikikutana nacho hukitambua kuwa kimetoka nje. Mwaka 1941 Louis Pillemer na mwenzake Ecker walitenga zaimosani, yaani chembe za ukuta zenye beta-glukani, kutoka kwenye hamira, na mwaka 2001 Gordon Brown na Siamon Gordon walibaini kwamba kipokezi kiitwacho Dectin-1, kilichopo juu ya seli za kinga, ndicho kinachoishika beta-glukani. Mihai Netea na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, wameonyesha baadaye kwamba seli hizo zikishakutana na beta-glukani hubaki zimejiandaa kwa muda, kwa namna inayofanana na kazi ya ziada ya chanjo ya BCG, ile inayoacha kovu begani. Hali hiyo wameipa jina la kinga iliyofunzwa.

Hamira nzima iliyokufa huuzwa kama unga, chengachenga za manjano au vidonge vya kahawia. Ile inayotoka viwanda vya bia ina uchungu wa hopsi. Ile inayokuzwa makusudi kwa ajili ya kuliwa ina ladha inayokaribia jibini. Zote mbili zina protini nyingi na vitamini za kundi B, isipokuwa B12: hiyo huwepo tu pale mtengenezaji alipoiongeza, na lebo lazima iseme hivyo. Beta-glukani imo pia, ila bado imefunikwa na ile safu ya mannani, kwa hiyo seli za kinga haziioni vizuri. Hamira nzima ichukulie kama chakula kizuri. Usitarajie ifanye kazi ya beta-glukani iliyosafishwa.

Dondoo ya hamira, ambayo kwenye lebo za Kiingereza huitwa "yeast extract", hutengenezwa kwa kuziacha seli zijimeng'enye, kisha kuta zinachujwa na kutengwa. Marmite ni mfano unaojulikana. Hapa ndipo wengi hupotea: kinachotengwa kiwandani ni ule ukuta wenye glukani, na kinachobaki ni ladha, chumvi na vitamini B. Paka kwenye mkate ukipenda, lakini usiinunue kwa ajili ya glukani.

Hamira hai ni Saccharomyces boulardii. Mfaransa Henri Boulard aliitenga mwaka 1923 huko Indochina, kwenye maganda ya matunda ya laichi na mangostini, baada ya kuona wenyeji wakiyatumia maganda hayo kujitibu kuhara wakati wa kipindupindu. Inastahimili joto la mwili la nyuzi 37 na tindikali ya tumbo, na kazi yake ni kwenye utumbo. Tutairudia kwa kirefu, kwa sababu ndiyo yenye ushahidi ulio wazi zaidi na ndiyo yenye hatari iliyo wazi zaidi.

Cha tano ni mchanganyiko wa uchachushaji uliokaushwa, ambao jina lake la kibiashara linalojulikana ni EpiCor. Hauna seli hai. Kipimo kilichotumika kwenye majaribio ni miligramu 500 mara moja kwa siku.

Kuna pia hamira iliyolishwa madini, hasa seleniamu. Hiyo ihesabu kama kirutubisho cha madini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 za seleniamu kwa siku. Kidonge kimoja mara nyingi kina 100 hadi 200, na Marekani wameweka ukomo wa mikrogramu 400 kutoka vyanzo vyote. Ukichanganya makopo mawili yenye seleniamu bila kujua, nywele zinaweza kuanza kukatika, kucha kuvunjika na pumzi kunuka kama kitunguu saumu.

Kusoma lebo ya beta-glukani

Tafuta mambo matatu. La kwanza ni chanzo: lazima iandikwe Saccharomyces cerevisiae. Beta-glukani ya shayiri na ya oti ina viungo vya 1,3 na 1,4, na sifa yake ni kushusha kolesteroli kwa gramu 3 kwa siku. Ni kitu kizuri, lakini si hiki. La pili ni viungo 1,3/1,6. La tatu ni usafi kwa asilimia, na hapo ndipo fedha hupotea. Kopo linaloandika "miligramu 500 za hamira yenye beta-glukani asilimia 70" lina miligramu 350 za glukani kwa kila kapsuli. Kopo linaloandika "mchanganyiko maalumu wa kinga miligramu 800" bila kutaja glukani ni kiasi gani, lirudishe kwenye rafu.

Bei linganisha hivi: zidisha idadi ya kapsuli kwa miligramu za glukani halisi, kisha gawa bei kwa jibu hilo. Kapsuli 60 za miligramu 500 zenye asilimia 70 ni gramu 21 za glukani. Kapsuli 60 za miligramu 250 zenye asilimia 85 ni gramu 12.75. Kopo la pili likiuzwa kwa robo tatu ya bei ya la kwanza litaonekana nafuu, kumbe ni ghali zaidi, maana ndani yake hakuna hata theluthi mbili ya glukani ya kopo la kwanza.

Ukishanunua, unaweza kufanya jaribio dogo jikoni. Fungua kapsuli moja, mimina unga kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika 20. Karibu beta-glukani zote za hamira haziyeyuki: maji yatakuwa na ukungu na unga wa rangi ya maziwa utatuama chini. Ukiyeyuka wote maji yakabaki maangavu, basi umeuziwa sukari au dondoo. Halafu dondosha tone moja la tinkcha ya ayodini kwenye mashapo. Yakigeuka buluu iliyokoza au meusi, kapsuli imejazwa wanga. Jaribio hili linamfichua mwenye kuchanganya unga wa muhogo au mahindi, ila halimgundui aliyejaza selulosi, kwa hiyo kufaulu kwake si cheti cha usafi.

Usajili nao uangalie. Kwa Tanzania, dawa ziko chini ya TMDA na vyakula chini ya TBS. Kwa Kenya, dawa ni Bodi ya Famasia na Sumu na viwango ni KEBS. Bidhaa isiyo na namba yoyote, isiyo na tarehe ya mwisho wala namba ya toleo, inayouzwa kwenye mitandao pamoja na ushuhuda wa waliopona kila ugonjwa, usiimeze hata ukipewa bure.

Kutumia beta-glukani

Kipimo kinachotumika sana kwa mtu mzima ni miligramu 250 kwa siku. Kuna majaribio yaliyotumia 500, na kuna ya Ulaya yaliyofika 900 kwa wiki 16, ikigawanywa mara mbili. Hakuna sababu ya kuanzia juu. Meza 250 kila siku kwa saa ile ile, kwa maji. Wauzaji wengi husema imezwe tumbo likiwa tupu. Hakuna ubaya, lakini kutoruka siku ndiko kuna maana zaidi. Glukani haiharibiwi na joto, kwa hiyo asiyeweza kumeza kapsuli anaweza kuukorogea unga kwenye uji wa moto. Akoroge tena katikati ya kunywa, la sivyo dawa yote inabaki chini ya kikombe.

Usisubiri hadi mafua yakushike ndipo uanze. Chembe za glukani hupokelewa na vijitezi vya kinga vilivyo kwenye utumbo mwembamba. Katika majaribio ya panya, seli zilizozimeza zilizibeba hadi kwenye uboho na kuzivunja vipande vidogo vinavyoziandaa seli nyeupe nyingine. Safari hiyo huchukua siku, tena nyingi. Panga kwa kipindi: wiki 12, ukianza wiki nne kabla ya wakati unaojua utakuelemea. Mwanafunzi wa bweni aanze mwezi mmoja kabla ya mitihani. Anayejiandaa na Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, aanze mwishoni mwa Januari na aendelee baada ya mbio hadi amalize wiki 12, maana mazoezi mazito ya masafa marefu huacha mwili wazi kwa magonjwa ya koo na mafua. Wiki 12 kwa miligramu 250 ni gramu 21, sawa kwa uzito na glukani ya lile kopo la kwanza kwenye hesabu yetu ya bei, ila kapsuli zake zina miligramu 350 kila moja, hivyo ukimeza moja kwa siku zitaisha kwa siku 60.

Sasa tuseme ukweli wa faida. Marekani, wakimbiaji 75 wa marathoni walipewa miligramu 250 au 500 au kidonge kisicho na dawa kwa wiki nne baada ya mbio, na waliotumia glukani waliripoti dalili chache za mafua na koo. Majaribio mengine, likiwemo la wanafunzi wa udaktari Uingereza lililodumu siku 90, hayakuona tofauti ya maana katika idadi ya siku za kuumwa. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya imewahi kukataa dai la bidhaa ya namna hii kwamba inaimarisha kinga, ikisema uhusiano haujathibitishwa. Kwa hiyo, kinachoweza kutarajiwa ni mafua mepesi kidogo au siku moja mbili pungufu za kukohoa. Hailindi dhidi ya malaria, haipandishi CD4, na haichukui nafasi ya chanjo yoyote.

Ukitaka kujua kama inakusaidia wewe, andika. Chukua daftari, na kwa wiki 12 bila kirutubisho weka alama kila siku uliyokuwa na mafua, koo au kikohozi, ukijipa namba 1 hadi 3 kwa uzito wake. Kisha fanya hivyo hivyo wiki 12 za kutumia. Linganisha misimu inayofanana: ukipima Januari jua kali halafu ukatumia Juni na Julai baridi ikiwa imeshika, namba zako zitakudanganya. Jumla isipopungua, acha, fedha hiyo nunua mayai.

Hamira hai: S. boulardii

Matumizi yenye msingi ni mawili: kuzuia kuhara kunakoletwa na antibayotiki, na kufupisha kuhara kwa ghafla. Ni kinga ya utumbo, na utumbo ndipo sehemu kubwa ya seli za kinga zilipo.

Kwa antibayotiki, mtu mzima humeza miligramu 250 mara mbili kwa siku. Miligramu 250 za bidhaa nzuri ni takriban chembe hai bilioni 5. Anza siku ya kwanza ya dozi, au angalau ndani ya saa 48. Kwa kuwa ni fangasi, antibayotiki za bakteria haziiui, hivyo huhitaji kutenganisha saa kama unavyofanya na bakteria za mtindi. Endelea siku chache hadi wiki mbili baada ya dozi kwisha. Ukiacha, hamira hii haijengi makazi. Ndani ya siku mbili hadi tano inakuwa imetoka yote, na ndivyo inavyotakiwa.

Mtoto anayehara, dawa yake ya kwanza ni maji ya ORS na zinki: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au 10 kwa siku kama hajafikisha miezi sita. S. boulardii ni ya kuongezea, miligramu 250 mara moja au mbili kwa siku kwa siku tano hadi saba, kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Damu kwenye choo, macho kuzama, kushindwa kunywa, usingizi usio wa kawaida: hapo hakuna cha hamira, ni kituo cha afya.

Makosa yanayoharibu dozi hii yanajirudia. Kifuko kinamiminwa kwenye uji unaotoa moshi, hamira inakufa kabla ya kufika mdomoni. Subiri hadi uji uwe vuguvugu, mkono ukiweza kustahimili bila kuuondoa. Mgonjwa anameza flukonazoli au nistatini kwa fangasi za mdomo na papo hapo anameza S. boulardii, ya kwanza inaiua ya pili. Au kopo limekaa juu ya friji, sehemu yenye joto. Nyingi ya bidhaa hizi zimekaushwa kwa baridi na huhitaji chini ya nyuzi 25 na pakavu, jambo ambalo Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar si rahisi bila mpango. Nunua zilizofungwa moja moja kwenye karatasi ya alumini badala ya chupa inayofunguliwa kila siku.

Hatari yake sasa. Kwa mtu ambaye kinga imeshuka sana, hamira hai inaweza kuingia kwenye damu na kuenea mwilini, na wamekufa watu kwa hilo. Asitumie mgonjwa mahututi, mwenye mrija uliowekwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni au kifuani, anayepata dawa za saratani, aliyepandikizwa kiungo, wala mwenye VVU ambaye CD4 zake ziko chini. Na si kwake yeye tu: vifuko na kapsuli zisifunguliwe kabisa karibu na kitanda cha mgonjwa mwenye mrija huo. Unga huruka hewani na hushika mikononi, na mikono hiyo ikigusa mrija, basi. Ndugu anayemhudumia mgonjwa wa namna hiyo na yeye mwenyewe anatumia S. boulardii, afungulie dawa yake chumba kingine na anawe kwa sabuni kabla ya kurudi.

Kutengeneza hamira ya kula nyumbani

Chengachenga za hamira kutoka nje ni ghali. Hamira kavu ya kuokea, ya pakiti ya gramu 500, inapatikana kila mahali. Inaweza kugeuzwa kuwa chakula, kwa sharti moja: ife kwanza. Hamira ya kuokea ikiliwa hai huendelea kuchacha tumboni, inaleta gesi na kuharisha, na hujitwalia vitamini B ya chakula chako badala ya kukupa.

Hakikisha pakiti imeandikwa hamira ya Saccharomyces cerevisiae. Poda ya kuokea, yenye magadi na tindikali, nayo hutoa povu kwenye maji na baadhi ya maduka huiita hamira vilevile, kwa hiyo usiamini povu, amini lebo.

Chemsha mililita 500 za maji kwenye sufuria yenye nafasi mara tatu au nne ya maji hayo, maana mchanganyiko hufura. Punguza moto. Nyunyizia gramu 100 za hamira kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mchapo au uma, usimwage yote pamoja; madonge yakijifunga, katikati yake hamira inabaki kavu, na hamira kavu inavumilia joto kuliko iliyolowa. Ndiyo sababu hatukaangi hamira kavu kwenye kikaango kama karanga: nje inaungua na ndani inabaki hai. Acha ichemke taratibu dakika 10, ukikwangua chini, kwani hushika na kuungua upesi. Utapata uji wa kahawia wenye harufu ya mkate na nyama.

Uji huo unakaa siku tano kwenye friji, ndani ya chupa safi yenye kifuniko. Ukitaka unga, tandaza kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, unene usizidi milimita tatu, weka kwenye oveni nyuzi 90 hadi 100 kwa saa mbili au tatu, mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke, mpaka ukatike kama kaukau. Saga. Usianike juani. Pwani hewa ina unyevu na hamira ni chakula kizuri mno cha ukungu. Itaota kabla haijakauka.

Kabla ya kula, jaribu kama imekufa kweli. Kijiko cha chai cha unga, kijiko cha chai cha sukari, nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu wa nyuzi 38. Acha saa moja. Pakitokea povu jipya au viputo, kuna zilizosalimika: rudisha yote jikoni uchemshe upya.

Anza na kijiko kimoja cha chai, kama gramu 3, kwa siku tatu. Tumbo likikubali, ongeza hadi kijiko kimoja cha chakula kwa siku, gramu 8 hadi 10, na usivuke gramu 15. Kizuizi kinatokana na asidi za nyuklia, yaani DNA na RNA za seli, zilizojaa kwenye hamira. Mwili huzivunja kuwa asidi ya yuriki, na ukomo uliopendekezwa kimataifa ni gramu 2 za asidi hizo kwa siku kutoka vyakula vya vijidudu kama hamira. Gramu 20 za hamira kavu zinaweza kuufikia ukomo huo. Tia kwenye mchuzi wa maharage, kunde, kachumbari ya parachichi au uji wa dona. Vitamini B1 itapungua kidogo kwa kuchemshwa, nyingine zinabaki kwa sehemu kubwa. Gramu 10 zina takriban gramu moja ya beta-glukani ndani ya kuta zake, ila kama ilivyosemwa, bado imefunikwa.

Swali huulizwa kuhusu pombe za kienyeji. Mbege, busaa na nyingine zisizochujwa zina hamira hai na vitamini B kweli, lakini pombe yenyewe hudhoofisha kinga, na mtu hawezi kunywa moja akaacha nyingine.

Nani asiguse, na dawa zisizopatana

Mwenye jongo au aliyewahi kuwa na mawe ya asidi ya yuriki aachane na hamira nzima na dondoo yake. Beta-glukani iliyosafishwa haina mzigo huo.

Dawa za kifua kikuu zinahitaji uangalifu wa pekee, na hapa kwetu jambo hili halisemwi vya kutosha. Dondoo ya hamira na hamira ya bia zina tiramini. Kwa kawaida mwili huivunja, lakini linezolidi, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, huzuia uvunjaji huo, na isoniazidi iliyomo kwenye dozi ya kawaida nayo huzuia kwa kiasi. Mgonjwa akila Marmite au hamira ya bia anaweza kupata kichwa cha kupwita, uso kuwaka, moyo kwenda mbio na presha kupanda ghafla. Akiwa kwenye dawa hizo aache bidhaa hizo mpaka amalize dozi. Vivyo hivyo kwa anayetumia dawa za sonona za kundi la vizuizi vya MAO, kimeng'enya kinachovunja tiramini.

Mwenye ugonjwa wa Crohn asitumie hamira, kwa kuwa wengi wao kinga yao imeshatengeneza silaha dhidi yake. Anayetumia dawa za kutuliza kinga, kwa kupandikizwa figo au kwa ugonjwa kama lupasi, asianze beta-glukani bila daktari wake: anachojaribu daktari kukituliza, wewe unakiamsha. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge apime sukari mara kwa mara wiki za mwanzo akianza hamira ya bia, maana ina kromiamu na sukari inaweza kushuka kuliko alivyozoea. Asiyekula vyenye gluteni akumbuke kwamba hamira ya bia na Marmite hubeba mabaki ya shayiri. Mjamzito anaweza kula hamira iliyokufa kama chakula, lakini vidonge vya beta-glukani aviache hadi atakapojifungua.

Mwenye mzio wa hamira, midomo kuvimba au kubanwa pumzi baada ya kula mkate, asijaribu hata kimoja, na amweleze muuguzi kabla ya chanjo ya homa ya ini B na ya HPV aina ya Gardasil, kwa sababu zote mbili hutengenezwa kwa kutumia hamira.

Hofu moja haina msingi: kwamba hamira iliyokufa inaleta fangasi za ukeni. Hizo huletwa na Candida, kiumbe kingine kabisa. Mkojo kuwa wa njano kali baada ya hamira iliyoongezwa vitamini nao usikutishe. Ni vitamini B2 iliyozidi inatoka. Lakini vipele, kubanwa kifua au kuharisha kunakozidi siku tatu, acha na uende hospitali ukiwa na kopo mkononi, wasome wenyewe kilichoandikwa.

Kuhifadhi

Unga wa nyumbani tia kwenye chupa ya kioo kavu, funga kabisa, weka kabati lisilo na jua. Tumia ndani ya miezi mitatu. Ukishikana madonge umenyonya unyevu. Madonge makavu yasiyo na harufu yanaweza kusagwa upya, yenye harufu ya uvundo au madoa tupa yote, hata kama sehemu nyingine inaonekana safi. Beta-glukani iliyosafishwa inavumilia joto la chumba hadi tarehe yake. S. boulardii iliyoachwa ndani ya gari juani mchana mmoja ihesabu kuwa imekufa: haitakudhuru, lakini siku ya antibayotiki haitakusaidia, nunua nyingine.